Kigoda cha Mama

Nimefunga taa kwenye hoteli mbili za Capri Point,
kwenye duka la dawa pale Mlango Mmoja,
kwenye ukumbi wa harusi ambao dari yote inawaka
kama dagaa waliomwagwa juani.
Nyumbani kwa mama, Igogo, iliwaka glopu moja.

Glopu moja, sebuleni, nayo kwa masharti.
Mama Nkwimba huisoma Luku kama wengine wanavyosoma Zaburi,
kwa sauti ya chini, kidole kikifuata tarakimu:
"Zimebaki uniti tatu nukta nne. Zima.
Tunaongea tu, mdomo hauhitaji taa."

Nyumba imeegemea jiwe. Baba alilichagua mwenyewe,
kubwa kuliko lori; alisema litatukinga na upepo.
Kwamba litatukinga na asubuhi pia, hilo hakulisema.
Majirani wanaanika nguo,
sisi chumbani bado ni saa kumi alfajiri.

Mwaka juzi yakaanza maneno.
Dada yangu Holo akapiga simu: wali una mawe.
Wiki iliyofuata: wali una mawe, na mama kakasirika kuambiwa.
Mama huyu, aliyekuwa akichambua mchele wa misiba,
gunia zima, huku akisimulia habari za watu.

Kisha akaanza kuhama na kigoda.
Saa tatu mlangoni. Saa saba uani, karibu na karo.
Saa kumi jikoni, uso kaupeleka dirishani.
Usiku halali. Mchana anasinzia, ungo mapajani.
"Uzee umepanda kichwani," tukanong'ona,
watoto watano, kila mmoja na simu yake,
tukagawana huzuni kama tunavyogawana bili.

Halafu akaanguka.
Ngazi ya pili kwenda chooni, saa nane usiku,
saruji juu ya saruji, giza juu ya giza.
Kifundo cha mkono kikatenguka.

Bugando, kijana wa macho akammulika,
akamaliza, akanigeukia mimi:
"Una miaka mingapi, kaka? Hamsini na mbili?
Basi hata wewe umeshaanza.
Kioo cha jicho hugeuka manjano, kama karatasi ya zamani.
Chumba kinachokutosha wewe, kwake ni magharibi.
Nani anafunga taa hapo nyumbani?"
Nikatazama viatu vyangu.
"Fundi ndiye huyo," mama akasema, akacheka
mpaka bandeji ikatikisika.

Hakuwa akitangatanga.
Alikuwa akilifuata jua, chumba hadi chumba,
na sisi tukamwandikia ugonjwa.

Jumamosi nikapanda Igogo na ngazi begani.
Kwanza nikakosea: nikafunga nyeupe, kali, ya kiume.
Mama akaweka kiganja usoni.
"Unataka kunipasua? Hiki si chumba cha upasuaji."
Usiku ule hakupata hata lepe,
mwili wake ulidhani kumekucha.

Nikashusha. Nikaanza upya, nikimuuliza,
jambo ambalo hoteli hazikunifundisha.
Karibu na ungo, taa inayoinama, iangukie mikono.
Koridoni, kiglopu cha rangi ya asali, usawa wa goti,
kinachoamka nyayo zikipita.
Kingo za ngazi nikazipaka chokaa.
Na juu ya kitanda nikang'oa bati moja,
nikaweka la plastiki, jua lipite.
"Hili Luku hailijui," nikamwambia.
Hapo ndipo alipokubali.

Wali wa Jumapili ulikuwa na jiwe moja.
Holo alilikuta, akalimeza.

Kigoda bado kinahama, lakini siku hizi kwa hiari.
Saa kumi na moja ziwa linarusha mwanga wake ndani,
unacheza ukutani, nasi tunazima kila kitu kuutazama.

Jana nilimnunulia umeme. Nikasimama penye mita
na zile namba ishirini, simu nimeinyoosha
mkono wote, nikaingiza, ikakataa,
nikaingiza tena.
Nyuma yangu ungo ukanyamaza.
"Sogea hapa, mwanangu," mama akasema,
"hapa kwenye mwanga."